Ichaji mpaka ijae: mazungumzo na wenye matrekta madogo ya umeme, Mpunguzi, Dodoma

Mbukwenyi! Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, vijana mambo. Asanteni kunikaribisha hapa kwenye godauni lenu, naona mpaka watu wa Hombolo na Mvumi wamefika. Na nimeona yale matrekta nje yamepaki kivulini, mmefanya vizuri sana, nitakuja kusema kwanini kivuli ni jambo kubwa hapa kwetu.

Nimeitwa niongee kuhusu betri, maana kilio ni kilekile kila napopita. Trekta lilivyokuja lilikuwa linafyeka nyasi katikati ya mistari ya zabibu tangu asubuhi mpaka jua linakuwa kali na bado lina nguvu ya kuvuta tela la kreti, leo mwaka haujaisha linafyeka kidogo tu linaanza kujikokota, mota iko sawa, nyaya ziko sawa, na ukiuliza unaambiwa betri zimekufa nunua zingine. Na betri sita kwa mpigo sio hela ya kuokota, kuna watu humu ndani wakinunua betri mwaka huu ada ya mtoto inayumba.

Sasa nataka leo mtoke hapa na kitu kimoja, hata mkisahau mengine yote. Nyingi ya betri hizi za asidi haziuliwi na kazi. Zinauliwa na kulala bila kujaa. Umefanya kazi, umerudi, umeziacha nusu mpaka kesho, au umezichaji masaa mawili ukachomoa maana taa ya chaja ilikuwa inawaka vizuri, kesho yake hivyohivyo, kesho kutwa hivyohivyo, hapo ndo unazimaliza na wewe unajiona unazitunza.

Ngoja nieleze kinachotokea ndani, sio kwa ajili ya mtihani, ila ukikijua hutahitaji mtu wa kukukumbusha. Betri imegawanyika vyumba, kila chumba na kifuniko chake, chumba kimoja ndo tunaita sele. Ndani ya kila sele kuna sahani za aina mbili, za chanya na za hasi, zote ni risasi, ila ya chanya ni risasi iliyochanganyika na oksijeni na ya hasi ni risasi laini yenye vitundu vitundu. Zimezama kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Trekta likivuta umeme, ile salfa inatoka kwenye asidi inaenda kuganda kwenye sahani zote mbili, inakuwa salfeti ya risasi, na asidi inabaki majimaji. Ukichaji, salfeti inayeyuka inarudi kwenye asidi. Basi, kazi yote ni hiyo, kwenda na kurudi. Gaston Planté wa Ufaransa ndo alitengeneza betri ya kwanza ya namna hii mwaka 1859 na mpaka leo kinachotokea ndani ni kilekile.

Shida inaanzia hapa. Salfeti ikiwa mbichi, imetoka kuganda leo, ni laini, chaji inaitoa. Ukiiacha siku na siku inajijenga kuwa chembe kubwa ngumu, na ile ngumu chaji ya kawaida haiitoi tena. Kila siku unayoiacha betri nusu, kipande kidogo cha sahani kinajifunga, na kikijifunga kimetoka kazini. Ndo maana betri haifi ghafla, inapungua, unaona trekta linapungua masaa, we unadhani ni uzee, kumbe zile sahani zimejaa ukoko mweupe ndani.

Matrekta haya ya kwenu yamejengwa kwa mtindo wa zamani sana na mzuri, betri sita za volti 6 zimefuatana mstari mmoja, jumla volti 36. General Electric wa Marekani walianza kuuza matrekta ya bustani ya namna hiyo mwaka 1969, wakayaita Elec-Trak, na wakaacha kuyatengeneza miaka ya 70 hiyohiyo, lakini yapo mpaka leo yanayofyeka nyasi, mota ileile, giaboksi ileile, betri tu ndo zimebadilishwa na kubadilishwa. Nawaambia hilo ili mjue trekta lenyewe litatuzika sisi wote hapa, kinachokula hela ni betri, na betri maisha yake yako kwa anayelichaji.

Nikifika hapo watu wananiuliza, sasa tuchaji lini na muda gani. Lini: siku hiyohiyo uliyofanya kazi, hata kama umefanya saa moja tu. Betri hizi hazina ile habari ya kuzizoesha mpaka ziishe ndo uchaji, hayo yalikuwa ya betri za aina nyingine, na mtu aliyeleta maneno hayo huku kwenye betri za asidi amewatia watu hasara. Ila usichomeke palepale jua linawaka na betri zimetoka kazini zina moto, liache kivulini lipoe saa moja au mbili, jioni chomeka, lichaji usiku.

Muda gani, hapa ndo tukae kidogo. Chukulia betri zenu, nyingi ni za kama ampia-saa 220, hicho ndo kipimo cha umeme unaokaa ndani. Umetumia nusu. Chaja nzuri kwa betri hizo inatoa kama ampia 22 mpaka 28 hivi, yaani karibu asilimia 10 mpaka 13 ya ukubwa wa betri. Masaa matatu hivi ya kwanza zinaingia kwa kasi, ukipima volti unaona zinapanda, 38, 40, 42, na mtu akiangalia anasema tayari. Hapana, haijawa tayari! Hapo imefika kama asilimia 80. Inayobaki inaingia kwa taratibu, volti zinasimama na ampia ndo zinashuka, 20, 15, 10, 6, na hiyo asilimia 20 ya mwisho inaweza kula masaa mengine manne. Wote mmeshawahi kujaza gunia la mtama, mwanzo unamimina tu, mwishoni unamimina kidogo unatikisa unashindilia, na gunia ambalo hukulishindilia dalali anakukata. Sasa ile salfeti iliyoanza kuwa ngumu inatoka kwenye ile asilimia ya mwisho ambayo watu wanaikimbia. Kwahiyo usiku mzima, masaa 8 mpaka 10, usione mengi.

Kwa wale wenye mita, namba zenyewe ni hizi, andikeni. Sele moja ina volti 2 na ushee, betri yako ya volti 6 ina sele 3, trekta zima lina sele 18. Wakati wa kushindilia chaja ishike volti 2.35 mpaka 2.45 kwa sele, ambayo kwa trekta zima ni 42.3 mpaka 44.1. Ikishajaa, kama chaja inabaki imechomekwa, inatakiwa ishuke yenyewe ikae kwenye 40 hivi. Chaja isiyoshuka, ile ya transfoma tupu, usiiache siku tatu imechomekwa, itachemsha maji yote, weka alamu kwenye simu uamke uichomoe. Na utajua imejaa pale ampia zimeshuka mpaka 3 au 4 hivi, hazishuki tena, na uzito wa asidi ukipima kwa haidromita, kidude nitakachowaonyesha, kila saa moja mara tatu haubadiliki.

Umeme ukikatika katikati ya usiku, hiyo ni hali halisi yetu, usiseme basi zilipata nusu zinatosha. Ukirudi asubuhi acha iendelee. Kazi isubiri masaa mawili, nyasi hazikimbii. Na kwa gharama msiogope, kurudisha nusu ya betri zote sita ni kama uniti 5 au 6 za LUKU, linganisheni wenyewe na lita za petroli za mashine ya kufyeka siku nzima.

Kuna mzee hapo ameuliza kuhusu sola. Mzee wangu, Dodoma jua tunalo, sola inachaji vizuri kabisa, tatizo lake ni lilelile, jua likifika saa kumi limeanza kulegea na betri ndo kwanza imeingia kwenye kushindilia, inakatwa kila siku kwenye asilimia 85 au 90. Kama una sola, walau mara moja kwa wiki, trekta lisifanye kazi siku hiyo, lichajiwe tangu asubuhi mpaka jioni lijae kabisa, au limaliziwe na umeme wa ukutani usiku. Na ile kontrola ya sola iseti kwenye aina ya betri za maji, zenye vifuniko kama zenu, maana nyingi zinakuja zimesetiwa betri zilizofungwa.

Sasa kivuli. Namba zote za volti nilizotaja ni za betri yenye joto nyuzi 25. Hapa kwetu mwezi wa kumi na wa kumi na moja mchana ni nyuzi 30 na zaidi, na ndani ya boksi la betri chini ya boneti iliyopigwa jua ni zaidi ya hapo. Betri yenye joto inapokea chaji kirahisi mno, ukiipa volti zilezile unaichemsha, maji yanakwisha, sahani za chanya zinaoza. Unapunguza kama millivolti 4 kwa kila sele kwa kila nyuzi moja, kwahiyo kwa sele zako 18 kwenye nyuzi 35 toa karibu volti 0.7, badala ya 44 iwe 43.3. Chaja nzuri ina waya wenye kitu kidogo kama pipi mwishoni, ule ni wa kupimia joto, unabandikwa ubavuni mwa betri, nimekuta watu wameukata wanasema hauna kazi. Una kazi! Mwezi wa sita na wa saba asubuhi huku panakuwa baridi mpaka watu wanavaa makoti, hapo hesabu inageuka, inatakiwa uongeze. Na joto lenyewe hata bila chaji linakula betri, mafundi wa betri duniani kote wanahesabu hivi, kila nyuzi kama 10 juu ya 25 maisha yanapungua karibu nusu. Trekta linaloshinda juani na linaloshinda chini ya mwarobaini hayatazeeka pamoja.

Naomba sasa niwaonyeshe hiki kidude. Hii ni haidromita, kijibomba cha kioo chenye mpira juu na kijiti kinachoelea ndani, madukani ya spea za magari mjini kipo na bei yake ndogo, na kwa betri zenye vifuniko hakuna kifaa kinachosema ukweli kuzidi hiki. Mita ya volti inaweza kukudanganya, betri imetoka kwenye chaji inasoma juu hata kama mbovu. Hiki hakidanganyi kwa sababu kinapima asidi yenyewe. Njoo kijana, shika, vaa hiyo miwani kwanza na glavu. Fungua vifuniko vyote vitatu vya hiyo betri ya mwisho. Minya mpira, zamisha, achia taratibu mpaka kijiti kielee kisiguse kioo, kisome usawa wa macho, usikiinue juu juu kitadondosha asidi kwenye nguo na hiyo suruali utaiona imetoboka ukiifua. Soma. 1.265. Safi, mafundi wanasoma elfu moja mia mbili sitini na tano, hiyo imejaa. Ya pili? 1.260. Haina neno. Ya tatu? Rudia. 1.190.

Mmeona hapo? Betri ileile, chaja ileile, sele mbili zimejaa na moja iko chini, karibu na nusu tu. Ukiweka mita ya volti kwenye betri nzima ungeona kasoro ndogo mno ungeipuuza. Sasa fikirini, sele zote 18 zimefuatana mstari mmoja, umeme unaopita kwa mwenzake ndo huohuo unapita kwake, hakuna namna ya yeye kupumzika. Trekta likipanda na tela kwenye mchanga wa Hombolo, hii moja inaisha kwanza, na wenzake 17 wanaendelea kusukuma umeme kupitia kwake kwa nguvu mpaka inageuka, chanya inakuwa hasi. Ikigeuka mara chache imekwenda. Na wewe kwenye usukani unachosikia ni trekta limepungua nguvu ghafla, unalilazimisha limalizie mstari. Usilazimishe. Likishaanza kuvuta kwa shida simama, rudi nalo taratibu au lisukumeni.

Dawa ya sele iliyobaki nyuma kabla haijafa ni kusawazisha. Baada ya betri kujaa kabisa, unaendelea kuzichaji kwa ampia kidogo, nne tano sita hivi, unaziachia volti zipande mpaka sele ifike 2.6, trekta zima kama 46 na ushee, utasikia zinachemka vile viputo, ndo inavyotakiwa, vile viputo vinakoroga asidi maana asidi nzito huwa inatuama chini, na sele iliyochelewa inapata muda wa kuwafikia wenzake. Pima na haidromita kila saa. Namba zikiacha kupanda, zima. Ukishika ubavu wa betri ukaona unaunguza, ukipita nyuzi 50, zima usubiri. Usifanye kila siku, inakula sahani, fanya mara moja kwa mwezi au pale unapoona tofauti ya sele na sele imezidi 0.030. Chaja nyingi mpya zina kitufe chake. Na kwenye joto la mchana wetu haidromita nayo unaisahihisha, imetengenezwa kwa nyuzi 27 hivi, asidi ikiwa na moto zaidi kila nyuzi 10 ongeza kama 0.007 kwenye unachosoma.

Sele ikisawazishwa mara mbili tatu ikabaki palepale 1.190, hiyo imeumia, msipoteze umeme.

Haya, maji. Hapa naomba mnisikilize sana maana ndo panaharibikia huku kwetu kuliko mahali popote. Betri ikichaji mwishoni maji yanapasuka yanakuwa gesi yanatoka. Asidi haitoki, maji ndo yanatoka. Kwahiyo ukikuta imepungua unaongeza MAJI, sio asidi. Kuna tabia mtu anaenda dukani anasema nipe maji ya betri, muuzaji anampa chupa ya asidi maana naye kwenye rafu zimekaa pamoja na chupa zinafanana, mtu anajaza, siku mbili betri inakuwa kali, trekta lina nguvu, anafurahi, kumbe asidi imezidi inatafuna sahani, miezi michache imekwisha. Soma lebo. Asidi inawekwa mara moja tu siku betri mpya kavu inapoanzishwa, basi, labda imwagike.

Na maji yenyewe yawe yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Maji ya visima vyetu mnayajua, sufuria la chai linaonyesha lenyewe ule ukoko mweupe, chumvi na chokaa, sasa ule ukoko ndo unaenda kukaa kwenye sahani, na hauchujiki tena, kila ukiongeza unajilundika maana maji yanapanda juu chumvi inabaki. Maji ya chupa ya kunywa nayo sio, yana madini yamewekwa au yameachwa makusudi. Maji ya mvua kutoka bati lenye kutu na vumbi la miezi nane ya kiangazi, hapana.

Unaongeza lini? Baada ya kuchaji, sio kabla. Betri ikichaji maji yanavimba, ukijaza mpaka juu kabla, yanafurika, yanatoka na asidi, boksi linaliwa kutu na asidi imepungua nguvu. Ila ukifungua ukakuta sahani ziko wazi hazijazama, hapo weka kidogo kwanza zifunike, kisha chaji, kisha malizia. Usawa wake ni chini kidogo ya ule mdomo wa ndani unaoonekana ukichungulia, acha kama milimita 3. Angalia kila wiki mbili msimu wa joto. Chungulia na tochi, na nawaomba kwa moyo wote, sio kiberiti. Gesi inayotoka ni haidrojeni, ikifika asilimia 4 tu hewani inalipuka, na betri ikipasuka inarusha asidi usoni. Usichaji kwenye chumba wanapolala watoto, usichaji karibu na jiko la mkaa, fungua boneti, fungua madirisha. Kabla ya kushika spana vua pete na saa, na chomoa chaja ukutani kwanza ndo uguse klipu za betri. Asidi ikiingia jichoni ni maji safi mengi yanayotiririka, robo saa, hapohapo, usitafute gari kwanza, osha kwanza alafu hospitali.

Vijana, sasa hili ni la kwenu. Nimeona trekta moja hapo nje lina waya mwekundu umetoka kwenye betri mbili za mbele unaenda kwenye redio na sehemu ya kuchaji simu. Najua kwanini, redio ni ya volti 12, betri mbili za volti 6 zinatoa 12, mahesabu yamekaa. Lakini hizo mbili zinafanya kazi ya trekta na kazi ya redio, zile nne zinafanya kazi ya trekta tu. Jioni chaja inaona jumla ya volti 36, haijui habari za mbili za mbele, zile nne zinajaa zinaanza kuchemka, chaja inahesabu kazi imeisha, zile mbili zinalala na upungufu. Kesho tena.  Kama mnataka redio na taa na simu, nunueni konveta ya kutoka 36 kwenda 12, inavuta kwenye zote sita sawasawa, kakitu kadogo tu.

Ncha za betri, zile terminali, mkiona unga mweupe au wa kijani umeota ni asidi na risasi na shaba vinakulana, na unga huo unazuia umeme, ncha inapata moto mpaka inayeyuka. Magadi haya ya kupikia maharage, yayeyushe kwenye maji ya uvuguvugu, mwagia juu ya ncha, yatatoa povu, povu likiisha asidi imekwisha nguvu, suuza, kausha, piga brashi ya waya mpaka ing'ae, kaza, alafu paka vaselini au grisi juu. Hakikisha vifuniko vimefungwa, magadi yakiingia ndani ya sele yanaua asidi. Futa na vumbi la juu ya betri kila mara, vumbi letu likichanganyika na unyevu wa asidi umeme unatembea juu kwa juu zinajimaliza zenyewe zimekaa.

Msimu ambao hakuna kazi, mnajua zabibu zetu tunavuna mara mbili, kama mwezi wa tatu na tena wa nane au wa tisa, katikati kuna kipindi trekta limesimama. Lichaji lijae, toa waya wa hasi, weka kivulini, na kila mwezi mmoja chomeka tena mpaka ijae. Kwenye joto zinapungua zenyewe hata hazijaguswa. Ukipima betri moja ikiwa imepumzika ukakuta chini ya 6.2, usisubiri mwezi uishe. Iliyojaa inasoma kama 6.35, trekta zima 38 na ushee. Na wakati wa kazi, lililopumzika masaa mawili matatu likisoma 36.3 umetumia nusu, ndo mwisho mzuri wa siku, ukizoea kwenda mpaka asilimia 80 unafupisha maisha yake sana.

Wenye yale maguta ya umeme yenye betri zilizofungwa, zisizo na vifuniko: habari ya maji na kusawazisha haiwahusu, msizitoboe, volti za juu zinazikausha. Kuchaji mpaka zijae na kivuli vinawahusu vilevile.

Siku ya kununua mpya, usinunue N70 au N100 za magari ukafunga kwenye trekta kwa sababu ni rahisi na zinapatikana. Zile sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, ukizimaliza nusu kila siku hazifiki mbali. Tafuta za kazi ndefu, sahani nene, utazijua kwa uzito pia, betri ya volti 6 ya ampia-saa 220 inakaribia kilo 28. Angalia tarehe ya kutengenezwa, iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza kuganda kabla hujailipia, beba mita yako uipime hapohapo dukani. Na usichanganye moja mpya na tano za zamani, mpya itaburuzwa na wazee na itazeeka nao, kama moja imekufa mapema zikiwa bado changa badilisha hiyo, kama zote zimeshachoka kusanyeni hela mbadilishe sita.

Mama ameuliza swali zuri, zilizokufa tufanye nini. Mama, betri mbovu bado ina thamani, sehemu yake kubwa ni risasi na inayeyushwa inatengenezwa betri nyingine, kwahiyo irudishe dukani wakupunguzie bei ya mpya, au muuzie mnunuzi mwenye kibali cha kukusanya taka hatarishi. Ila isipasuliwe nyumbani. Wapo wanaonunua betri chakavu wanamwaga asidi chini na kuyeyusha risasi kwenye sufuria uani, wanapeleka bwawani Mtera kwa wavuvi ikawe vizito vya nyavu. Moshi ule na vumbi lile vinaingia kwenye damu, na kwa mtoto mdogo vinashika ubongo, haviponi, mtoto anabaki mzito wa kuelewa maisha yake yote na hakuna homa wala kidonda cha kukuonyesha. Anayekuja kuomba uwanja wako ayeyushie mkatalie, hata akikupa hela. Na zikisubiri kuuzwa zikae zimesimama wima, juu ya mbao au chaga, mbali na kuku na watoto, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Haya, tutoke nje sasa kabla jua halijashuka. Nataka mwenye lile trekta la waya mwekundu aje na mita, na kila mmoja apime sele zake tatu mwenyewe aandike kwenye daftari, tarehe na namba.